Baba wa "waja leo, waondoka leo" na mtoto anayejificha mazoezi

*"Shikamoo mwalimu. Nina miaka 32, mzaliwa wa Makorora hapa Tanga, nacheza beki wa kulia katika timu moja ya Ligi Kuu huko Kanda ya Ziwa. Mke wangu na watoto wako Tanga. Wa kiume ana miaka 11, yuko darasa la tano. Wa kike ana miaka 7, naye anapenda kutufuata uwanjani. Nikiwa nyumbani, mara tano au sita kwa mwaka, namwamsha mwanangu saa kumi na nusu alfajiri tukakimbie Raskazone. Nikiondoka, mdogo wangu anamsimamia, alfajiri nne kwa wiki. Jumatatu hadi Ijumaa jioni ana mazoezi ya timu ya watoto kwa muda wa saa mbili, Jumamosi mechi. Akitoka madrasa na kumaliza kazi za shule analala saa nne usiku.*

*Tangu Januari analalamika goti, na safari iliyopita alijificha kwa bibi yake asiende kukimbia. Mama yake anasema nimwache apumzike. Mimi naona analegezwa. Mimi nilikuwa nauza maandazi ya mama kabla ya kwenda shule, na shida ile ndiyo iliyonifikisha hapa. Wanangu wana kila kitu, watajuaje kujituma, tena baba hayupo? Nimpeleke akademi ya bweni Dar? Nimemwahidi simu akifunga mabao kumi, sasa ana saba. Na niseme ukweli: msimu huu mwenyewe nimekaa sana benchi. Nyumbani sijawaambia."*

Marahaba, mwanangu. Nimefundisha michezo shuleni miaka mingi, na sasa kazi yangu ni kukaa na familia za wanamichezo, kwa hiyo barua kama yako si ya kwanza kunifikia. Nadhani wasiwasi wako ni kwamba watoto watakula jasho lako bila kujua jasho ni nini, na siku miguu yako itakapokataa watakuwa hawajui kitu. Wasiwasi huo una haki. Ila naona umemkabidhi mtoto wa miaka 11 aubebe yeye, na goti lake ndilo limekuwa la kwanza kulalamika. Acha nianze na goti.

Goti lake sijaliona, kwa hiyo sitalipa jina la ugonjwa kupitia barua. Naweza tu kukueleza linalotokea mara nyingi kwa watoto wa umri wake wanaocheza sana. Mfupa wa mtoto hurefukia kwenye ncha zake, penye gegedu laini ambayo bado haijakomaa kuwa mfupa kamili. Chini kidogo ya pia ya goti, upande wa mbele wa muundi, pana kisehemu cha namna hiyo, na hapo ndipo inaposhika kano nene itokayo kwenye misuli ya paja. Kila akipiga shuti, akiruka au akikata kona kwa kasi, msuli unavuta kano, na kano inavuta ile gegedu. Sasa mtoto anapoanza kurefuka, mifupa hutangulia na misuli hubaki nyuma ikiwa imekaza, kwa hiyo mvuto unaongezeka wakati ule ule ambao pale mahali ni dhaifu. Panauma, ukipabonyeza anaruka, na kwa wengine panatokeza kinundu. Madaktari huiita Osgood-Schlatter, na hukutwa zaidi kati ya miaka 10 na 15 hivi. Kwa kawaida hutulia mtoto akimaliza kurefuka, ila akiwa bado na maumivu anahitaji kupunguziwa mzigo. Kuliambia goti la namna hiyo likaze moyo ni kazi bure.

Na mzigo wenyewe hebu tuuhesabu. Jioni tano za saa mbili ni saa kumi. Ongeza mechi ya Jumamosi, ongeza alfajiri nne za baba mdogo, tunakaribia saa kumi na tano kwa wiki. Kipimo ambacho wataalamu wa tiba ya michezo kwa watoto hukitumia ni chepesi kukumbuka: saa za mazoezi ya kupangwa kwa wiki zisizidi miaka ya mtoto. Wako ana 11. Wanashauri pia siku moja au mbili kila wiki asiguse mpira wa kusimamiwa kabisa, na miezi miwili au mitatu kwa mwaka apumzike na mchezo huo mmoja, acheze mingine. Chandimu cha mtaani, pale watoto wanapojipangia wenyewe na kuacha wakichoka, sikihesabu humu. Kile mwache acheze, goti likiruhusu.

Kuna na usingizi. Kulala saa nne na kuamka saa kumi na nusu ni saa sita na nusu. Mtoto wa umri wake anahitaji kati ya saa tisa na kumi na mbili. Homoni ya ukuaji hutoka kwa wingi akiwa katika usingizi mzito, na aliyojifunza mchana, yawe mahesabu au namna ya kutuliza mpira, ubongo huyapanga akiwa amelala. Wewe mwenyewe kambini kocha akikukuta macho saa sita usiku anakuwa mkali, na anajua kwa nini. Kwa hiyo mbio za alfajiri nashauri uzifute, zote. Mpigie mdogo wako simu leo umwambie, tena umwambie mwanao akiwepo anasikia, asije akadhani ni mama aliyemtetea. Na hapa mke wako alikuwa sahihi, mwambie hivyo kwa mdomo wako.

Nikija kwenye shida iliyokufikisha hapo, naomba tusigombane, maana ndiyo hoja ninayoisikia kuliko zote kutoka kwa wanamichezo wetu. Wahesabu wenzako wa chandimu pale Makorora. Wangapi walikuwa na shida kama yako, au kukuzidi? Na walikuwemo ambao mguu wao ulikuwa mtamu kuliko wako, hilo unalijua. Wako wapi leo? Shida ilikuwa ya mtaa mzima, lakini anayehojiwa redioni ni wewe uliyepenya, na wewe unasema shida ndiyo iliyonifikisha. Wale ambao shida hiyo hiyo iliwavunja hakuna anayewapelekea kipaza sauti.

Sisemi maandazi hayakukufundisha kitu. Yalikufundisha sana, ila tutazame ni nini hasa kilichofundisha. Edward Deci na Richard Ryan, wanasaikolojia wawili waliofanya kazi Marekani, walichunguza kwa miongo kadhaa kwa nini mtu huendelea na jambo gumu bila kusukumwa. Walikuta mambo matatu yanayolisha ari hiyo: mtu ajione ana sauti katika jambo lenyewe, aone anaweza na anazidi kuweza, na awe na watu wanaomjali walio pamoja naye katika jambo hilo. Sasa rudi kwenye sinia lako. Pengine hukuchagua kuuza, lakini mtaa wa kupita ulichagua wewe, na mteja wa kukopesha ulimjua wewe. Uliona maandazi yanavyoisha mapema kuliko mwezi uliopita. Na mama alikuwa anakungoja, kwa sababu pesa ile ilikuwa unga wa kesho. Kazi yako ilikuwa inahitajika kweli. Njaa peke yake isingekufundisha hayo. Mwanao je, saa kumi na nusu alfajiri, analo lipi kati ya hayo matatu? Hakuchagua, goti linamwonyesha kwamba hawezi, na nikisoma barua yako naona anakimbia nyuma ya mgongo wa baba mdogo anayetii amri ya mtu aliye mbali sana. Hata mimi ningejificha kwa bibi.

Kwa hiyo usitafute namna ya kuwatengenezea shida bandia. Watoto wanaitambua, na wanaidharau. Tafuta kazi ndogo za kweli ambazo nyumba itayumba zisipofanyika. Kijana afue jezi na soksi zake mwenyewe na kusugua viatu vyake; akisahau, Jumamosi avae chafu, na usimpigie mama yake amfulie. Kama mnafuga kuku, hesabu ya chakula iwe yake, na pesa ya mayai aandike yeye. Kazi moja au mbili zinatosha, ziwe zake za kudumu, na wewe ukipiga simu uziulizie kama unavyoulizia mabao.

Sasa lile la benchi. Umelitupia mwisho wa barua kama mtu anayetema kokwa ya embe, na mimi naona ndilo lenye jibu la swali lako kubwa.

Fikiri mwanao anaijua vipi kazi yako. Anakuona kwenye televisheni dakika 90, anaona jezi, anaona pesa inaingia kwenye simu ya mama, anaona zawadi baba akija. Kazi yenyewe hajawahi kuiona. Nilikuwa Mkwakwani mwaka 1988, mwaka ambao Coastal Union walichukua ubingwa, na mji huu ulilala umechelewa siku zile. Wachezaji wengi wa nchi hii enzi hizo walikuwa na ajira: bandarini, kiwandani, kwenye mashirika. Mtoto alimwona baba anatoka zamu, anakunywa chai amesimama, anaondoka na viatu mkononi kwenda mazoezini. Hakuhitaji hotuba. Siku hizi mpira umekuwa kazi kamili, jambo jema kwa mfuko wako, lakini kazi imehamia kambini na mtoto amebakiwa na picha ya matokeo tu. Halafu sehemu iliyobaki ya kumfundisha, yaani mtu mzima anafanya nini mambo yanapomwendea vibaya, ndiyo uliyoificha.

Mwambie. Usiifanye kikao. Siku moja mkizungumza, sema: "Baba wiki hii sijapangwa tena. Kuna kijana mwenye kasi kunizidi, kocha anampenda. Nimeumia. Kesho naingia mazoezini mapema, nafanyia kazi krosi zangu." Kisha wiki ijayo mpe taarifa ya krosi. Huenda utarudi kikosini, huenda hutarudi, na yote mawili atajifunza. Unaogopa atakuvunjia heshima. Kwa watoto niliokaa nao nimeona zaidi kinyume chake, mtoto akishajua baba naye hupangwa nje, anaanza kusimulia ya kwake. Nisingeshangaa ukisikia habari za goti ambazo hakuwahi kukwambia.

Mwezi wa Juni ligi ikiwa imepumzika na shule zimefungwa, unapofanya mazoezi yako binafsi hapa Tanga, wachukue wote wawili wakutazame. Kijana usimfanyishe mazoezi. Mpe saa ashike muda wako, mpe daftari aandike. Aone baba anavyorudia mbio ya mita mia mara kumi, ya nane ikiwa mbaya, ya tisa amejiinamia magoti, na bado anakwenda ya kumi. Akitaka kujiunga mbio mbili, goti likiwa limeruhusiwa, karibu. Asipotaka, ameshapata alichokuja kupata.

Akipenda hadithi za mashujaa, tunazo zetu. Septemba 2025 Alphonce Simbu alichukua ubingwa wa dunia wa marathoni kule Tokyo. Yeye na Mjerumani Amanal Petros waliandikiwa muda mmoja, saa mbili, dakika 9 na sekunde 48, ikabidi picha ya mstarini ndiyo iamue. Watoto wanaipenda ile picha. Wewe msimulie na kipande cha kati: Simbu alipata shaba ya dunia London mwaka 2017, na kutoka shaba ile hadi dhahabu ni miaka minane. Muulize anadhani mtu hufanya nini miaka minane, halafu umwache akisie.

Kuhusu maneno, jihadhari na lile la "damu ya baba hiyo" ambalo mtaani hapa kila mzee anamwambia. Mwaka 1998 Claudia Mueller na Carol Dweck walichapisha majaribio waliyofanya kwa watoto wa rika la mwanao. Wengine walisifiwa akili zao baada ya kufaulu maswali, wengine walisifiwa kwa kujitahidi. Kisha wote wakapewa maswali magumu yakawashinda. Waliosifiwa akili walikata tamaa mapema na wakapungua hata uhodari waliokuwa nao. Waliosifiwa bidii waliendelea kung'ang'ana. Ina mantiki. Ukiambiwa una damu ya mpira, siku ukikosa penalti damu ndiyo imeshindwa, nayo huna la kuifanya. Kwa hiyo taja kitu alichofanya: "Leo ulirudi kukaba mara tatu ukiwa umechoka, nimeona." Kama hukuona, kwa kuwa uko mbali, muulize, usibuni sifa. Watoto wana pua ya sifa za uongo.

Binti umempa mstari mmoja katika barua nzima: anapenda kutufuata uwanjani. Wa kiume anaburutwa, wa kike anakuja mwenyewe, na wewe unamwuliza mwalimu nani atajifunza kujituma. Nilicheza netiboli nikiwa msichana na najua ilivyo kukaa kando ukiokota mipira iliyotoka nje. Mchezeshe. Pale uani dakika ishirini zinatosha.

Juu ya kutokuwepo kwako sitakupaka mafuta. Mji wetu una msemo wa kujitania, waja leo waondoka leo, na baba mchezaji ndiye waja leo mwenyewe. Mtoto wa baba wa namna hii anajifunza kutokutegemea. Ukifika, siku ya kwanza anakushangilia, ya pili anakupima, ya tatu anakuwa mkaidi, na wewe unadhani ni utovu wa adabu. Mara nyingi anajaribu tu kuona kama upo kweli. Ukijaza siku hizo chache kwa amri na mazoezi, ujio wako unakuwa msimu wa kukaguliwa, na ndivyo mtoto anavyofika kujificha. Kinachotuliza moyo wa mtoto ni kujua lini. Chagua saa moja ya simu, mathalani Jumanne na Ijumaa baada ya isha, uishike kama unavyoshika muda wa basi la timu, ukishindwa utume ujumbe kabla. Dakika kumi kila mtoto kwa zamu yake. Nimeona hilo likifanya zaidi ya begi la zawadi. Na ukija, usivunje taratibu za mama yao siku mbili halafu ukaondoka ukamwachia vipande. Yeye ndiye kocha wa kila siku. Wewe ni mchezaji wa mkopo, uniwie radhi.

Akademi ya bweni kwa sasa naikataa, na sababu yangu haina uhusiano na ubora wake. Mtoto mwenye goti bovu, anayeukimbia mchezo, na ambaye mzazi mmoja tayari yuko mbali, ukimwondoa kwa mama yake unamwongezea pengo. Katika mpira hakuna ulazima wa kujifungia mapema hivyo. Akifika miaka 14 au 15 akaomba mwenyewe, mkae mzungumze upya. Familia kukufuata Kanda ya Ziwa ni wazo zuri kwenye karatasi, lakini mkataba wa mchezaji ni wa mwaka mmoja au miwili, na dirisha dogo la usajili likifunguliwa unaweza kuwa mji mwingine. Mtoto akibadilishwa shule kila usajili naye anachoka. Kama mkataba wako una miaka miwili kamili mbele, pimeni na mkeo. Kurudi kucheza Tanga kwa pesa pungufu mchezaji wa miaka 32 anaweza kulifikiria bila aibu, na mkokotoo wake mnaujua ninyi wawili. Mimi ningeliweka mezani, sisemi zaidi ya hapo.

Goti lionwe na daktari wiki hii, usingoje Juni. Mama yake ampeleke hospitali ya Bombo au kituo kilicho karibu, na mpaka hapo apumzike mbio na mashuti. Asisubiri hata siku moja iwapo anachechemea, goti limevimba au limekuwa la moto, linamwamsha usiku, ana homa nalo, au ameshindwa kulikunja. Maumivu ya nyonga au paja kwa mtoto anayechechemea nayo ni ya kuharakishwa, kwa sababu nyonga mbovu mara nyingine humuuma mtu gotini. Upande wa moyo, akianza kukojoa kitandani ilhali aliacha, akikataa chakula, akiporomoka darasani au akikaa peke yake wiki kadhaa, tafuteni mshauri au ofisa ustawi wa jamii mkae naye ana kwa ana. Na kuna swali moja la kuuliza taratibu, mama yake aliulize, wala si kwa hasira: alikuwa anakimbia mazoezi, au alikuwa anamkimbia mtu fulani aliyeko mazoezini? Mara nyingi jibu ni la kwanza. Likiwa la pili, simu ya bure ya watoto ni 116, na polisi wana dawati la jinsia na watoto.

Imebaki simu ya mabao kumi. Mwaka 1973 huko Marekani watoto wadogo waliopenda kuchora waliahidiwa cheti wakichora. Baadaye, vyeti vikiwa vimeisha, muda wao wa kuchora ukawa karibu nusu ya ule wa wenzao ambao hawakuahidiwa kitu. Raha ilikuwa imegeuzwa ujira. Ndiyo maana nisingekushauri uiahidi. Lakini umeshaahidi, na ahadi ni deni, kwa hiyo usiifute. Ila mtoto mwenye goti linalouma asiwe anahesabu mabao matatu yaliyobaki. Mwambie mabao saba yametosha, simu utakuja nayo Juni, ikae na mama ikifika saa mbili usiku, na kuanzia sasa bao halina bei tena nyumbani kwenu. Akikuuliza kwa nini umebadili, mweleze lile la goti. Halafu muulize kama angependa wewe umhesabie krosi zako.